Sindano ya Koplo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daktari Katembo kaenda Mukono, kwenye shamba ambako nguruwe wanakufa kila siku. Kliniki kaniachia mimi. Mimi ni msaidizi tu, lakini hapa Luzira watu wananiita dokta Nabangala na siwakatazi. Kabla hajawasha gari akarudia mahubiri yake: chanja, safisha vidonda, mbwa wakubwa wawekee chipu ya namba. Wasiofika kilo moja, hapana, ningojee. Kana kwamba sindano inajua nani kaishika!

Saa nne kaja Mama Alal. Mwacholi, polisi mstaafu, miaka thelathini stoo ya bunduki. Anaishi peke yake kule karibu na reli ya Port Bell. Ana paka mchanga, kamwita Koplo. Paka wake wa zamani alichukuliwa na jirani, jirani akaapa ni wake, mwenyekiti wa mtaa akasema hakuna ushahidi. Sasa anataka paka mwenye namba. Bunduki yenye manyoya!

Na maswali! Inawaka huko ndani? Inaleta kansa? Inaweza kutembea mpaka kwenye moyo? Nikamwambia ni kitu kidogo kama punje ya mchele, hakina betri, kinakaa chini ya ngozi basi. Akaandika kwenye daftari lake. Anaandika kila kitu huyu, hata jina langu. Nimemwambia daktari hayupo. Kasema atapita kesho, labda.

Jumanne, 9 Septemba

Kapita. Na maswali mapya! Mwenzake wa kanisani, Aciro, kamtumia habari kwenye WhatsApp — kuna paka wa Ulaya kapooza, chipu ilimwingia kwenye uti wa mgongo. Ni kweli hutokea, mara moja kwa maelfu, kwa vipaka vidogo. Ndiyo maana Katembo anakataza. Lakini nikamcheka mbele ya watu. Mama, umelala na bunduki miaka thelathini, leo sindano inakutoa jasho? Benchi zima likacheka. Naye akacheka, ile ya kuona haya, akainamisha kichwa.

"Kale," akasema, yaani sawa. "Fanya basi, binti yangu. Wewe ndiyo unajua."

Mizani: gramu mia sita themanini. Kitabuni nikaandika kilo moja na gramu mia moja. Nilitaka tu anyamaze, aende!

Unainua ngozi ya kati ya mabega, unalaza sindano. Najua. Nimeona mara mia. Lakini nilikuwa na hasira, na Koplo akajipinda, na sindano haikulala. Ilisimama wima. Nikasukuma.

Alilia mara moja tu. Skana, ile mashine ya kusoma chipu, ikasema tii, namba ikatokea, Mama Alal akaisoma kwa sauti huku akiandika, tarakimu kumi na tano. Nilipomsimamisha Koplo mezani miguu ya nyuma ikalegea. Nikamtia kikapuni haraka, nikafunga. Ni woga, nikasema, akilala ataamka mzima.

Jumatano, 10 Septemba

Simu sita za Mama Alal. Sikushika hata moja. Katembo bado yuko na nguruwe wake. Nimepika omena, nikashindwa kula. Baadaye nikala.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Alal kaja asubuhi kabla sijafungua, kikapu mkononi. Koplo anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata tu kama kitambaa. Nilijua kabla sijamgusa. Nilijua tangu juzi.

Nikavaa glavu, nikajifanya napima. Kisha nikaanza. Alianguka kitandani? Hapana. Ulimkanyaga? Hapana. Mlango je, hukumbana na mlango? Hapana. Nikarudia tena toka mwanzo, polepole, kama wao polisi wanavyouliza mtu mpaka mtu mwenyewe anaanza kujishuku. Mara ya tatu hakusema hapana.

"Juzi alilala tu, vile ulisema. Jana asubuhi nilifunga mlango ya jikoni na nguvu. Koplo alikuwa wapi, mimi sikuangalia."

Basi ndio huo mlango, mama, nikasema. Umempiga mgongo.

Hakulia. Akamshika paka kichwa, akamwambia maneno kwa Kiacholi. Sikuhitaji wa kunitafsiria. Na niandike ukweli, maana humu hakuna anayesoma: nilisikia haya kidogo na raha nyingi. Kazi yangu imepona. Nikitimuliwa hapa ninarudi Bungoma kuuza mitumba na dada yangu — afadhali mlango wa jikoni ubebe.

Ijumaa, 12 Septemba

Katembo karudi, na Mama Alal kamleta Koplo amwone. Akauliza nani kaweka chipu. Mimi. Uzito? Kilo na mia, tazama kitabuni. Akatazama kitabu, akatazama paka, akafungua mdomo — na Mama Alal akamwahi! Daktari, ni mimi, nilimbana na mlango. Kasimama wima kabisa, kama yuko mbele ya mkubwa wake.

Ila Katembo bado anataka eksirei. Hatuna mashine, iko Nateete, upande wa pili wa jiji. Picha ingeonyesha chipu imekaa wapi. Nikasema kwa sauti ile laini ninayoitumia kwa wenye mbwa waliogongwa: mama, mashimo yote yale ya barabarani, na mgongo umevunjika, tumtese kwa faida gani? Kila shimo litakuwa kisu. Mgonjwa kama huyu tunamlaza tu, apumzike.

Alinisikiliza mimi, si daktari. Akamwambia Katembo, huyu binti anamhurumia Koplo kweli. Kaomba siku mbili akae naye. Jumatatu tunamdunga ya mwisho. Kisha naondoa mwili na mambo yameisha.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani sikwenda. Mchana Aciro kagonga mlango, kaleta kopo zima la odii, ile ya simsim na karanga. Kutoka kwa Mama Alal. Ati ni asante, kwa sababu sikumkaripia kwa ajili ya mlango. Aciro anasema halali, anamlisha paka maziwa kwa kidole, na mlango wa jikoni kauondoa kwenye bawaba, kauegemeza nje ukutani.

Odii nimepaka kwenye mkate. Tamu sana. Nimekula vipande vinne.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika chooni, hapa hapa kliniki. Nimefunga komeo.

Koplo kaenda upesi, dakika moja. Mama Alal alimshika mwenyewe. Nilikuwa nimeshaandaa mfuko, nimeushika wazi. Kumbe bibi hajamaliza! Kafungua daftari lake mezani. Ukurasa kaupiga mstari katikati, upande mmoja kaandika Imetoka, namba na tarehe, upande wa pili Imerudi, peupe.

"Daktari, sasa naomba hiyo chipu."

Nikacheka. Nikamwambia mama, hiyo si bunduki, ni ya kutupa. Akanigeukia, bila hasira hata kidogo.

"Kitu ya namba ikitoka, lazima irudi. Askari anakufa, bunduki yake inarudi stoo, unaweka saini. Koplo mimi nimemwua. Hata hii nishindwe kurudisha?"

Katembo hakucheka. Kasema ni haki yake, na ni kazi ya dakika mbili, iko chini ya ngozi tu. Akapitisha skana. Tii, kati ya mabega. Akapapasa kwa kidole. Akapapasa tena. Akanyoa manyoya, akapasua kidogo, akafunua. Hakuna kitu. Skana tena, tii, pale pale. Akainama, akauangalia ule mgongo kwa karibu.

"Nabangala, lete taa. Hii iko ndani zaidi."

Nikasema naenda haja.

Kaniita mara mbili. Sasa haniiti tena, nasikia tu vyuma vyake vikigusana kwenye trei. Nikisema chipu ilihama yenyewe? Kwa siku sita, ikapita kwenye mfupa? Hawezi kumeza hiyo.

Kuna anayebisha mlango, taratibu, kwa kucha. Mama Alal. Ananibembeleza kama mtoto. Ati toka binti yangu, usilie hivyo, kosa ni yangu, wewe huna kosa.

Silii. Natafuta cha kumwambia Katembo, na huyu mama haachi kubisha.