Seronok ya Seremban

Seremban, 3 Machi 1986

Kwako mke wangu Yusnidar,

Salamu tele. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Wewe na mama mkwe hapo Payakumbuh hamjambo? Mpunga mmeshavuna? Huku ng'ambo, mgahawani ni kukoroga nyama ya rendang kutwa kucha. Ila Jumapili tulifunga mgahawa; mimi na Zaleha, keshia wetu, tukaenda ufukweni. Weee! Ilikuwa seronok kabisa.

Ni mimi mumeo, Uda wako,
Syafrizal

Payakumbuh, 17 Machi 1986

Uda Syafrizal,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, mimi sikusalimu. Seronok? Huna haya! Huku kwetu seronok ni kukaa nusu uchi, ni zile picha wahuni wanazoficha chini ya godoro. Nani alivua, wewe au yeye? Na mbona ni Zaleha tu, si dada Zaleha, kama mmenyonya ziwa moja? Ndiyo, naona wivu, unanitafuna, na sifichi. Nijibu upesi: huyo ni nani kwako?

Mkeo,
Yusnidar

Seremban, 9 Mei 1986

Adik Yus mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo. Niwie radhi nimechelewa. Ah, mke wangu, umegombana na kamusi! Kwa watu wa huku seronok ni raha tu. Hata harusi ni seronok. Lugha moja, maana zimeachana njiani. Budak kwetu ni mtumwa, huku ni mtoto yeyote. Percuma kwetu ni kazi bure, huku ni kitu kisicholipiwa. Siku ya kwanza tajiri aliponiambia nile percuma, nusura nimrushie sahani!

Nilipomsomea Zaleha barua yako alicheka mpaka akashika mbavu. Anasema usiwe na wasiwasi.

Uda wako,
Syafrizal

Payakumbuh, 21 Mei 1986

Syafrizal,

Hatujambo. Nimemuuliza mwalimu wa hapa, kasema ni kweli, seronok huko ni raha. Haya, nimeelewa. Umenifafanulia maneno matatu, lakini swali langu lilikuwa moja tu: huyo ni nani kwako? Hilo umelipita kama hulioni. Kisha wivu wangu, niliokuandikia wewe peke yako, umemsomea yeye acheke. Hilo nalo lina maana nyingine huko?

Nyumba hii ni ya mama zangu, desturi yetu unaijua: nyumba ni ya mke, mume ndiye anayeondoka. Asubuhi nimekunja nguo zako zote, sarong na lile koti la harusi, nikazipeleka kwa mama yako. Amezipokea, akaziingiza ndani.

Yusnidar