Zabibu wa Kwanza

Berea, Johannesburg
Jumapili, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu Mwantumu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Kwanza nieleze habari za goti lako, maana mwanao mkubwa aliniambia sasa unaswali umekaa kitini, na tangu siku hiyo kila nikisujudu nakukumbuka. Shemeji Karimu je, kikohozi kimemwachia? Wajukuu hawajambo? Mimi mdogo wako mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila roho yangu iko juu juu, na ndiyo maana leo umepata karatasi badala ya sauti.

Najua umeshangaa. Nani anaandika barua siku hizi? Lakini simu yako, dada, si yako peke yako. Nikikutumia ujumbe saa nne, saa tano umeshasikilizwa na nyumba nzima, na saa sita binamu zake Zabibu wameshamrushia huko Marekani na vicheko juu. Kwa hiyo nimempa barua hii Najma, yule wa kuuza vitenge Marshalltown, anayekuja Tanga wiki hii. Isome peke yako, mlango umeufunga, na usimsomee hata Karimu mpaka ufike mwisho.

Ujumbe wako wa Ijumaa, ule wa wiki mbili zilizopita, nimeusikia. Nilikuwa nashona mapazia ya mteja, nikakuweka mezani nikusikilize huku nafanya kazi, nikaishia kukunja pindo upande wa nje. Ulisema nikaha ya Zabibu ni mwezi ujao hapo nyumbani, na kwamba mume wangu Othmani sasa ana miaka minne kaburini, hakuna tena wa kumsitiri uso. Ulisema Karimu ndiye aliyemzaa, kwa hiyo Karimu ndiye walii wake wa kumwozesha, na nikaha bila walii wa haki si nikaha. Ulisema kabla ya siku hiyo utamkalisha umwambie kwamba mimi ni mama yake mdogo na wewe ndiye mama. Halafu ukanifungia na ule msemo, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ulinichoma, sikufichi. Nilizima cherehani nikakaa tu.

Sasa nisikilize. Kwa ziwa moja tulilonyonya, nakuomba usimwambie. Sisemi huna haki. Haki unayo, na sina mdomo wa kuikataa. Lakini siku Zabibu atakapojua wewe ndiye uliyemzaa, siku hiyo hiyo atakuwa hana nchi. Najua hapa umeshavua miwani unasema Shufaa kaingiwa na wazimu. Ivae, mama wee, uendelee.

Nianze na unayoyajua ndipo ufahamu usiyoyajua. Zabibu wa kwanza nilimzaa mimi, kule Ohaio, Marekani, Othmani alipokuwa anasomea uhandisi. Tukarudi naye Tanga ana miezi mitano, na wa saba malaria ikamchukua. Wewe wakati huo ulikuwa na mimba pevu. Ukajifungua binti, siku ya saba ukasema aitwe Zabibu ili jina la marehemu lisipotee, na siku ya arobaini ukaja ukamweka mapajani mwangu. Maziwa yangu yalikuwa bado hayajakatika. Alishika ziwa mara moja, kama aliyekuwa ananidai. Hatukuandika popote. Kwetu nani anaandika mambo hayo? Mtu anampa ndugu yake mtoto, majirani wanajua, yamekwisha.

Usiyoyajua ni haya. Mwaka Othmani alipopata kazi huku Johannesburg, mtoto alikuwa na miaka mitano na hana cheti chochote, maana ulimzalia nyumbani na hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Ila kwenye sanduku la bati kulikuwa na cheti cha Ohaio na pasipoti ya Marekani, vyote vimeandikwa Zabibu Othmani. Kifo cha yule wa kwanza hatukukipeleka ubalozini kwao. Tulikuwa na msiba, ubalozi ulikuwa wa nini? Na pasipoti yake ndiyo ilikuwa inakwisha muda wake, picha ya mtoto mchanga asiye na meno. Othmani akaniambia, “Jina si lake? Baba si mimi? Tunamwibia nani?” Nami, dada, nikaona kasema kweli. Wewe mwenyewe ulimpa jina lile alichukue, na mimi nikaona aliyepewa jina kapewa na vitu vyake. Tukaenda Dar es Salaam, ubalozini, kumwombea pasipoti mpya. Yule mama wa dirishani akaitazama picha ya zamani, akamtazama mtoto, akasema kakua vizuri. Nikamwambia asante.

Wewe siku zote umedhani Othmani alimwombea uraia kama mtoto wa kulea. Hapana. Zabibu wako anaishi kwa karatasi za Zabibu wangu. Kwa serikali ya Marekani mwanangu hajafa, na wako hajazaliwa.

Kwa miaka mingi sikuliona hilo kuwa kosa, ndiyo kweli yenyewe. Nililiona kuwa riziki. Alipofika miaka kumi na minane akaenda kusoma uuguzi kule kule Ohaio, hakuombwa viza, hakupanga foleni. Nikasema mtoto kapata. Hofu ilianza aliponipigia kunieleza mambo ya nchi yake, na jinsi anavyoipenda.

Alipiga kura, akanitumia picha ya kibandiko alichopewa kifuani. Mwezi wa tisa akaitwa mahakamani. Huko kesi haiamuliwi na hakimu peke yake. Wanawaita raia wa kawaida kumi na wawili, muuguzi, dereva, mwalimu, wanaapa, wanasikiliza, wao ndio wanasema mtu ana hatia au hana. Zabibu akakaa siku nne kwenye kesi ya mtu aliyeshtakiwa kuvunja duka. Wakamwachia, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Akanipigia amejaa furaha, anasema bila wao kumi na wawili yule mtu angekwisha. Akanisomea na kijitabu cha katiba yao, kwamba mshtakiwa ana haki ya kunyamaza, hakuna wa kumlazimisha ajishuhudie. Kisha akafungua pale pasemapo kila aliyezaliwa kwenye ardhi yao ni raia. “Mama, hakuna wa kuniondoa hapa,” akaniambia. “Imeandikwa.” Mimi nikaanza kuhesabu sahihi zake. Kabla ya kuketi kwenye baraza lile alijaza fomu inayouliza, wewe ni raia? Akatia sahihi ndiyo.

Na siku hizi kwenye habari nasikia huko wanapekua makaratasi ya watu, uraia wa miaka ishirini wanaurudia upya. Utaniambia Marekani ni nchi ya sheria. Dada, na huku ni nchi ya sheria. Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kuchukua dawa zangu za presha. Getini wamesimama watu wenye fulana za namna moja, wanadai vitambulisho, mgeni harudi nyumbani na kidonge. Nilikwenda na Gaëlle, Mkongo tunayeishi naye fleti moja, yeye mdomo haumkauki. Akawaambia katiba ya hapa inasema kila mtu ana haki ya kutibiwa, imesema kila mtu, na mahakama imeshawakataza. Mwanamke mmoja akamjibu taratibu, wala hakupandisha sauti: “Katiba haiko hapa getini. Mimi ndiye niko hapa.” Tukarudi na presha yangu. Zabibu hajakutana bado na mtu wa getini. Anaamini kilichoandikwa kinatosha, na yeye ndiye anayesimama juu ya kilichoandikwa uongo.

Nilipomaliza kusikiliza ujumbe wako, nikaenda kwa wakili Gichuki, Mkenya mwenye ofisi Marshalltown, ghorofani juu ya wauza viatu. Nilimwambia ni habari za rafiki yangu. Akaniacha niseme mpaka mwisho, halafu akauliza huyo rafiki ana presha tangu lini. Eish, nikacheka, nikalia. Akaniambia yeye si mwanasheria wa Marekani, nimpe siku mbili awaulize wenzake wa huko. Niliporudi alikuwa ameshavua koti.

Maneno yake nayaandika kama alivyosema, maana nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa. “Mama, leo huyo msichana hana kosa, kwa sababu hajui. Anaposema yeye ni raia, anasema anachokiamini. Siku mtakapomwambia, kila sahihi atakayotia baada ya hapo ni uongo wake mwenyewe.” Nikamuuliza, akijua afanye nini? Akasema njia ni mbili. Anyamaze, awe mhalifu kama sisi. Au aende mwenyewe kwa serikali akaseme, nao wanaweza kumvua kila kitu, leseni ya uuguzi, pasipoti, na ile kura na kile kiapo cha mahakamani vikageuka mashtaka. Na akifukuzwa, aende wapi? Tanzania hana hata mstari mmoja. Huku alikuwa mgeni wa kibali cha baba yake, na kibali kimekufa na mwenyewe. Nawe unamjua Zabibu. Hataweza kunyamaza. Mtoto aliyerudishia muuza duka chenji akiwa na miaka saba, atakwenda ofisini kwao siku ya kwanza kabisa, na kijitabu chake mkononi.

Aliniambia na jambo la pili. Nitakuja kulisema, sasa hivi mkono haujakubali.

Kwa habari ya nikaha, nimefikiri hivi. Karimu ni walii, sawa, dini ni dini, sitaki mtoto aishi kwenye zinaa kwa ajili yangu. Lakini walii anaweza kutoa uwakala. Amwendee sheikh faraghani, amweleze, ampe uwakala wa kumwozesha, na sheikh aozeshe kwa jina la Zabibu tu, bila kutangaza binti wa nani. Nikaha itasihi, na mtoto hatajua. Wale wanawake wa mtaani watakaompaka hina, wanaojua tangu zamani, waombe mmoja mmoja wafunge midomo. Na wewe, dada, naona haya hata kukuandikia, utakaa kwenye harusi ya mwanao kama mama mkubwa, utapokea mikono ya pongezi ya shangazi na mama wakubwa, na mimi nitapokea ya mama. Nakuomba jambo hilo. Sijawahi kukuomba zito kuliko hilo, na lile la kwanza, la siku ya arobaini, hata sikukuomba, ulinipa mwenyewe.

Hapa nilitaka kufunga barua. Niliandika salamu, nikachana karatasi, nikaanza upya, maana ningefunga hapo ningekuwa nimekudanganya na wewe.

Jambo la pili la wakili ni hili. Alisema ipo kinga moja ya Zabibu, nayo iko mikononi mwangu. Niape kwa maandishi kwamba sisi wakubwa ndio tuliotumia karatasi za marehemu, mtoto alikuwa wa miaka mitano, hakujua lolote, lawama ni yangu. Siku mambo yakifumuka, kwa kinywa chako au cha mwingine, hati hiyo itamsemea hata kama mimi nimeshakufa. Akanionya nikiitia sahihi nisitegemee tena kukanyaga Marekani, wajukuu wakizaliwa huko nitawaona kwenye simu. Akaichapa hapo hapo, ukurasa mmoja. Mstari wa pili unasema: mimi siye mama mzazi wa Zabibu.

Sikuitia sahihi. Nilimwambia nina haraka, nikaikunja nikaitia kwenye pochi, ikakaa humo siku tisa. Siku tisa, dada, kinga ya mtoto imelala kwenye pochi pamoja na sindano na risiti, kwa sababu ya mstari mmoja. Nimekujazia kurasa za katiba na mahakama, na yote ni kweli, namwogopea. Lakini ningemwogopea yeye tu ningeitia sahihi siku ile ile. Nilichoogopa zaidi ni siku atakayokutazama wewe, na macho mnayo yale yale, akakuita mama mbele yangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi wakili aliposema asiambiwe. Niliiona Marekani imenipa sababu.

Jana asubuhi nikaenda kituo cha polisi, maana huku viapo huapwa huko. Mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mgeni haingii kituo cha polisi kwa kupenda. Afisa akaniuliza kama ninajua kilichoandikwa na kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nikatia sahihi, akagonga mhuri, yeye mwenyewe hakusoma hata neno. Akaita anayefuata.

Hati hiyo imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya karatasi hii ya mwisho. Nakala sikubaki nayo. Sasa iko kwako, na uamuzi uko kwako, mimi nimeshasema yangu yote. Ukiweza kunyamaza, ifiche mahali pa Qur'ani. Ukishindwa, na sitakulaumu ukishindwa, basi kabla hujafungua mdomo mpe kwanza hati aisome, ajue nani wa kumlaumu, ndipo umwambie nani wa kumwita mama.

Nisalimie Karimu na nyumba nzima, na wale wanawake wa hina wote mmoja mmoja. Gaëlle anakusalimu, anasema goti lipakwe mafuta ya mawese ya moto, mimi simo. Nitaingia Tanga siku tatu kabla ya nikaha, inshallah, na siku ya harusi nitakaa popote utakaponikalisha.

Ni mimi mdogo wako,
Shufaa