Mama Hapandi Tena Juu ya Paa

Bi Alyaa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani ili watoto wasinione ninavyolia, na nimeshawauliza ndugu na majirani wote hapa Sur na kila mtu kanipa jibu lake, sasa naona bora nimuulize mtu asiyetujua, wewe unayejibu barua za watu, nakushika miguu, nisaidie kabla mama yangu hajaondoka nyumbani kwangu.

Mama yangu, Bi Mwanamize, ni mzaliwa wa Unguja mjini, kaletwa Oman akiwa bibi harusi, na mimi nimezaliwa hapahapa Sur, Kiswahili nimekipata kwake na kwa shoga zake, Unguja sijaiona ila kwa maneno yake. Baba alipofariki nikamleta akae nasi, mimi na mume wangu Himid, na hatujawahi kugombana hata kwa chumvi ya mchuzi. Ana dada mmoja tu aliyebaki, mama mkubwa Mabruka, naye yuko Unguja, hajawahi kutoka. Zamani walikuwa wakipigiana simu wanacheka mpaka machozi, lakini mama mkubwa masikio yamekwisha kabisa, na ile simu ya picha anaishika tu, macho nayo hayamwonyeshi vizuri, hajui anazungumza na nani, basi simu ikafa yenyewe. Ndipo mama akaanza mtindo wake wa juu ya paa.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akipanda ngazi pole pole, birika la kahawa nabeba mimi, anakwenda kukaa kwenye kiti chake kule ukingoni, ule ukingo ulio mbali kabisa na mlango wa ngazi, anaweka kanga yake sawa kichwani kama mtu anayepokea mgeni, halafu anazungumza, na si na mimi. "Leo tumepika changu wa kupaka, Mabruka, nazi lakini ya mkebe, usinicheke." Na kule anakotazama hakuna cha kutazama, Bi Alyaa, bahari yetu iko upande mwengine, mbele yake ni mapaa ya watu, matangi ya maji, mnara wa msikiti na majabali mwisho kabisa. Siku moja nikamuuliza, "Mama, unatazama nini?" Akaniambia, "Mabruka ananielekea kila sala, mwanangu. Mimi sala yangu haimwelekei. Basi nami nimwelekee angalau mara moja kwa siku." Sikumfahamu, nikasema moyoni ni maneno ya watu wazima, lakini nilikuwa nakaa nyuma yake na sinia yangu ya mchele nachagua, nasikiliza, na hapo ndipo nilipoijua nyumba yao ya mtaa wa Malindi kule Unguja, na mwalimu wao wa chuo cha Kurani aliyekuwa akisinzia, na jinsi Mabruka alivyoficha viatu vya bwana harusi siku mama alipoolewa. Nakwambia kweli, saa ile ndiyo iliyokuwa ikinipumzisha roho kutwa nzima.

Sasa ikaja hii sola. Jirani zetu wameweka, mashemeji zangu wa Tiwi wameweka, na mama mwenyewe ndiye aliyetusukuma, maana joto la huku unalijua na chumba chake tulikuwa tukizima kiyoyozi mchana kwa kuogopa bili, akasema, "Jua la nchi hii linatuchoma bure, bora lifanyishwe kazi." Akaja mhandisi anaitwa Musabbah, kijana mstaarabu, akapanda, akapima, akatueleza kuwa paneli zote lazima uso wake uelekee kusini, ila mahali pa kuziweka juu ya paa tuchague wenyewe. Nikashuka kumuuliza mama, kwa adabu, kwa kuwa lile paa tunalihesabu ni lake. Akanijibu, na maneno yake nayakumbuka kama alivyoyasema: "Ziwekeni kibla. Mimi nabaki na suheli yangu."

Kibla naijua, ni magharibi, ndiko tunakoswali sote humu ndani. Na Suheli naijua, ni ile nyota, ikishaonekana mwisho wa kiangazi kila mtu Oman anajua joto limevunjika. Nikafahamu kuwa paneli ziende magharibi, na yeye hatapanda kwa sasa, atangoja mpaka Suheli itoke. Magharibi Musabbah akapakataa, matangi ya maji yako kule na yanatia kivuli, akasema ukingo wa kusini uko wazi, nikaona ni sawa. Mama nikamwachia upande wa mlango wa ngazi, kuna kivuli, hana haja ya kutembea sana, kiti chake nikakihamisha kwa mikono yangu mwenyewe, na nilifurahi nikijiona mtoto mwema.

Mafundi walipomaliza akapanda kutazama. Paneli zimesimama juu ya miguu ya chuma, safu nzima imempa mgongo, na akikaa kitini zinamzidi kimo. Akasimama kidogo, akasema, "Haya, vioo vyenu vizuri," akashuka. Tangu siku ile hajapanda tena. Chumba chake sasa kina baridi mchana kutwa kama tulivyotaka, na yeye kakigeuza kiti alicho nacho, kaacha dirisha, anakaa kutazama kabati la nguo, alasiri nzima, mdomo kaufunga. Nikamwambia, "Mama, Suheli inakaribia kutoka, utapanda." Akanijibu, "Suheli yangu mmeifunika, Ghanima." Sasa nyota nani anaweza kuifunika?

Kaka yangu Hud akaja kutoka Samail nikamweleza yote, nikamwambia mama mwenyewe ndiye aliyesema ziwekwe kibla. Hud akaingia kwake, akamuuliza, "Mama, ulisema paneli ziwekwe kibla. Kibla ni wapi?" Mama akainua mkono akaonyesha kwenye mlango wa ngazi. "Kibla kule." Tukatazamana mimi na Hud, maana mama yangu hajakosea kibla katika sala hata mara moja, na muda mfupi nyuma alikuwa ameswali mbele yetu kuelekea magharibi. Hud akanivuta nje akasema, "Khalas, mama ameanza kupotea. Ijumaa nikitoka kuswali nakuja kumchukua, akae kwangu, nimpeleke kwa daktari." Nilidhani mama atakataa. Hakukataa. Alisema, "Nitakwenda. Nyumba ya Hud haina ngazi ya kupandia juu, basi sitatamani kupanda." Sanduku lake liko tayari karibu na mlango.

Sasa Bi Alyaa, nifanye nini? Himid anasema hakuna maana kuvunja kitu ambacho mama mwenyewe alikitaka, nami naogopa nikizivunja na kumbe ni akili yake, nitakuwa nimevunja bure na bado nimempoteza. Nimwache aende Samail? Nimekwishazoea watu kuwatamani walio mbali, mama yangu amenifundisha hilo, lakini mimi namtamani yeye na yumo humu ndani, chumba cha pili.

Mwanao, Ghanima, Sur.

*

Marahaba, Ghanima. Futa machozi kwanza, macho yako utayahitaji kwa kazi nitakayokupa. Mama yako hana ugonjwa wowote. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, na uzee wangu naumalizia hapa Nizwa, na barua yako nilipofika kwenye neno "kibla" nikacheka peke yangu, nilipofika kwenye kabati sikucheka tena. Kilichopotea nyumbani kwenu ni maneno mawili, na aliyeyapoteza si mama yako.

Nisikilize vizuri. Sisi watu wa zamani wa Unguja na Pemba, kaskazini tunaiita kibla. Kule kwetu Makka iko kaskazini, misikiti yote imeelekea huko, basi upande wote ukachukua jina hilo. Mtu akikwambia shamba lake liko kibla ya barabara, hakwambii habari za sala, anakwambia liko kaskazini yake. Na kusini tunaiita suheli, kwa sababu ile nyota yenu ya kuvunjia joto hukaa upande huo. Mama yako alipofika Oman aligeuza mswala wake kuelekea magharibi kama tulivyogeuza sote, dini haina mzaha, lakini majina ya pande yakabaki mdomoni kama alivyokuja nayo. Kwa hiyo ana kibla ya kuswalia na ana kibla ya kutajia upande, na hajazichanganya hata siku moja.

Sasa yarudie maneno yake. Alikwambia: ziwekeni kaskazini, mimi nabaki na kusini yangu. Wewe ukachukua kusini yake yote ukaijaza paneli, kaskazini ukamwekea kiti. Alipokwambia mmeifunika suheli yake hakuwa anataja nyota, alikuwa anakutajia kitu ulichokifanya kwa mikono yako mwenyewe. Na kaka yako alipomuuliza kibla ni wapi, katika mazungumzo ya paneli, mama akaonyesha mlango wa ngazi, ambao kama paa lako limekaa ulivyonieleza, uko kaskazini. Kajibu swali sawasawa. Nyinyi wawili mkatazamana kama mmeona jini.

Na hilo la dada yake nataka ulielewe mpaka likuume, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Bi Mabruka akisimama kuswali huko Unguja uso wake uko kaskazini, na kaskazini ndiko mliko nyinyi. Kila sala anamwelekea ndugu yake, hata asipokusudia. Mama yako sala yake inakwenda magharibi, Mabruka hayumo. Ndiyo maana akajipangia saa yake. Nayo hakuichagua hivihivi, maana alasiri ya Unguja huingia nyuma ya yenu. Akishaswali yake akapanda akakaa, ndipo dada yake naye anasimama kwenye mswala. Mmoja kaelekea kibla, mmoja kaelekea suheli, uso kwa uso. Masikio yamekwisha, simu imekufa, na hicho ndicho kilichokuwa kimebaki baina yao. Lile kabati la nguo liko ukuta gani wa chumba? Usiniandikie jibu, nalijua.

Nakukemea kwa jambo moja tu. Hukuuliza. Mama yako alikwambia sentensi ambayo ilikuwa haikai sawa kichwani mwako, ukaitengeneza mwenyewe mpaka ikakaa, ukaenda nayo kwa mhandisi. Ungesema, "Mama, suheli gani?" barua hii isingeandikwa. Kaka yako aliuliza, lakini kauliza kama anayesahihisha mtihani, hakutaka kujua. Mama naye ana lake, angeweza kupiga kelele siku ileile mafundi wapo. Ila ameishi maisha ya kuachia, kaachia nyumba, kaachia mji, kaachia dada, akaona na hiki akiachie tu. Hiki wewe usikubali akiachie.

Kosa lenyewe si lako peke yako. Sisi mama zenu tuliwapa Kiswahili cha jikoni na cha salamu, cha kutukania na cha kubembelezea watoto, pande za dunia tukasahau kuwapa. Nami nina watoto wangu hapa, nimewauliza juzi suheli ni wapi, mmoja akaniambia ni nyota, mwengine akaniambia ni jina la mwenzake wa kazini.

Haya, sasa kazi. Usivunje chochote. Mpigie Musabbah leo hii umwambie safu ile ihamie upande wa ngazi. Kuelekea kusini ni habari ya uso wa paneli, si ya mahali inapokaa, mimi mwenyewe zangu hapa Nizwa ziko nyuma kabisa ya paa na taa zinawaka. Yeye ndiye atakayepima kivuli cha chumba cha ngazi kinafika wapi, na kama zote hazitaenea huko, zilizobaki zikae mashariki. Mwambie azifunge barabara, upepo wa pwani yenu hauna huruma, na aache njia ya kupita mtu na ndoo, maana chumvi na vumbi vitataka kuoshwa. Ukingo wa suheli ubaki mtupu. Hata kamba ya nguo usiifunge pale.

Hud usimngoje Ijumaa. Mpigie sasa, umfundishe maneno haya mawili, na umwambie akija aje na halwa, aje kumwomba mama yake radhi, gari lake halina abiria wa kurudi naye. Sanduku lile lirudishe chumbani, na nguo zirudi kabatini mama akiwa anaona.

Halafu jambo la mwisho, na hili usilikosee. Kazi ya mafundi ikiisha, kirudishe kiti chake ukingoni, na usiende kwa mama na maelezo marefu, wala usimtaje Bi Alyaa. Mkishaswali alasiri mwambie, "Mama, nifundishe. Suheli ni wapi?" Atanyanyuka mwenyewe, wala hutamshika mkono ngazini. Atakuonyesha. Safari hii tazama kule anakokuonyesha, na usikae tena nyuma yake na sinia ya mchele, vuta kiti ukae ubavuni mwake. Huko Unguja alasiri ndiyo kwanza inaingia, na Mabruka anatandika mswala.