Mkwe Wetu Kwenye Kiti cha Nyuma

Baba Nekesa,

Nimefaulu. Naanza na hilo kwa sababu najua hata huko uliko bado unasema sitafaulu. Si ule mtihani wa kwanza, wa kusukuma vigari vya kuchezea juu ya meza mbele ya polisi. Huu ni ule wa juu, ambao shule ilitaka tuufanye sisi tunaobeba watoto wa nasari. Mtahini alikaa kando yangu asubuhi nzima, kutoka hapa Makongeni mpaka Fedha na kurudi, akinitaka niseme kwa sauti kila ninachokiona njiani. Nikasema. Mimi na kusema, unanijua. Mwishowe akanipa mkono.

Nyanya mzima, darasa la nne sikumaliza, nimefaulu. Ungekuwa hapa ungejifanya hukusikia, halafu uende ukawatangazie wote kule kwa muuza chai.

Lakini yule mtahini aliniacha na jambo. Alisema, "Mama, ukikaa hivi bila mtu wa kukukosoa, mwaka ujao utakuwa umerudi ulikotoka." Nikamuuliza, mtu ameshafaulu, afundishwe nini tena? Akasema nichague: nisomee ualimu wa udereva, au magari makubwa, au nitafute mjuzi awe anapanda nami mara kwa mara kunitafutia makosa. Akaenda zake.

Nilidhani ni maneno tu. Mpaka asubuhi moja nikafika Fedha, nikafungua mlango, watoto wakashuka, ndipo nikajiuliza: ile raundabauti nimeipita saa ngapi? Sikuikumbuka. Sikukumbuka lori wala baiskeli wala mtu. Baba Nekesa, nani aliendesha lile gari? Nilibaki nimeshika usukani nikiwatazama wale watoto wakiingia getini na mabegi makubwa kuliko migongo yao. Ulipokuwa hai jambo kama hilo halingetokea, maana ulikaa hapo kando ukigombana nami juu ya kila gia. Tangu tukuzike hakuna anayenigombeza. Wote wananisifu.

Basi nikaanza kufikiri. Ualimu nikaukataa. Kwa mdomo huu wangu, wanafunzi wataacha gari katikati ya barabara waende kwao. Magari makubwa, miguu yangu haifiki, na wewe ndiye uliyekuwa ukiicheka. Ikabaki mtu wa kunikosoa. Nikamjaribu yule kijana wa jirani anayeendesha teksi. Kila nikikata kona anasema, "Shosho, uko fiti." Nikamshusha. Sifa hazifungi breki.

Nekesa wetu akasema, "Si Wafula yupo?" Wafula mumewe, ambaye kazi yake bado ni ile ya kufundisha madereva wa kiwanda cha unga. Nikamwambia ana wazimu. Mkwe wangu akae kando yangu? Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, na mimi tangu amuoe mtoto wetu namjua kwa kikohozi tu, yeye sebuleni mimi jikoni. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimwona mama yangu anakuja, unaruka ua. Sasa huyo ndiye aniambie nimekosea?

Nekesa ni mtoto wako, hakosi ujanja. Jumapili baada ya kanisa Wafula akapanda kiti cha mwisho kabisa, Nekesa katikati, mimi mbele. Wafula anamwambia Nekesa, Nekesa ananiambia mimi. Tukashika njia. "Mwambie mama kuna tuta." Nekesa akageuka aniambie, na sisi tumesharuka, kichwa cha mkwe kimegonga paa. Nikamwomba msamaha kupitia kwa Nekesa, naye akajibu kupitia kwa Nekesa kwamba hakuumia. Uongo.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonishikisha kalamu. Alipoona maneno yake yanachelewa, akaanza kuyasema mapema. "Mwambie mama, yule wa mkokoteni pale mbele ya kinyozi atavuka." Mimi hata kinyozi sijamwona. Na kweli, tulipokaribia, akavuka. Nikauliza, amejuaje? Swali likaenda nyuma, jibu likarudi: amemwona akigeuza shingo kabla ya kuinua mkokoteni. Kutoka mbali vile! Nikaanza na mimi kutafuta shingo za watu. Nikaona mama anamshika mtoto mkono, nikajua wanavuka. Nikaona moshi wa basi lililosimama umeongezeka, nikajua linatoka. Barabara ikawa ndefu. Miaka yote hii nimekuwa nikiangalia matako ya gari lililo mbele yangu. Wewe ulipiga kelele, "Macho, Mama Nekesa, macho!" lakini hukuwahi kuniambia niyaweke wapi. Au nawe hukujua? Hilo ningependa sana kukuuliza.

Tukaenda hivyo Jumapili kadhaa. Kisha ikaja hii iliyopita. Tulikuwa tunakaribia nyumbani, nami nimeupenda huo umbali wangu mpya, nimeusahau ukaribu. Kitoto kikachomoka katikati ya magari yaliyoegeshwa, kinaifuata ndara yake. Hapakuwa na nafasi ya kupitia kwa Nekesa.

"Mama, simama!"

Nikasimama. Kitoto kikaokota ndara, kikatutazama kama sisi ndio wajinga, kikaenda.

Wafula akafungua mlango wa nyuma, akashuka, akaenda kwa miguu, kichwa chini, kama mtu aliyenitukana mbele ya watu. Kesho yake akamtuma Nekesa: amenivunjia heshima, hawezi kurudi, nitafute mwalimu mwingine.

Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka. Heshima gani? Mtoto wa watu yuko hai. Kama ningemgonga, hiyo heshima ningeila na ugali? Nikaenda kwa wazee wetu wa hapa mjini, nikawauliza kama mwiko huu wa mkwe na mama mkwe una mwisho. Mmoja akaniuliza, mjane mzima, una haraka gani. Nikamwambia haraka yangu iko barabarani kila asubuhi, na wajukuu wake wamo ndani. Wakasema njia ipo: Wafula alete blanketi, mimi nichinje kuku, tule chumba kimoja wao wakiona. Basi, imekwisha.

Kwa hiyo nimeamua, sikuombi ruhusa. Wafula amekubali, ingawa Nekesa anasema alikaa muda mrefu akiangalia viatu vyake. Jumamosi kuku anachinjwa. Jumapili mkwe atakaa mbele, pale ulipokuwa ukikaa wewe. Nimepafuta vumbi. Nimelia kidogo nikipafuta, usijidai.

Pumzika sasa, Baba Nekesa, na usinijie ndotoni na wivu. Nakuahidi jambo moja. Wewe nilikujibu kila kosa ulilonitajia, mpaka ukaingia hospitali tukiwa bado tunabishana juu ya klachi. Yeye akisema nimekosea, nitanyamaza, nirudie. Sijui mtu hunyamazaje akikosolewa. Hilo nalo nitajifunza.

Mkeo,
Mama Nekesa