Kwa Mama Mapazia, Aliyewahangaikia Paka wa Ghalani

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Ulikuwa umekaa mbele ya cherehani yako, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, pazia la mteja limekunjwa pindo upande mmoja tu. Kitinda mimba wako alikuletea chai, akakuta umelaza kichwa juu ya kitambaa, akadhani umesinzia. Akaiweka chai taratibu asikuamshe, akaenda zake kufua. Mpaka leo hawezi kuisimulia saa ile bila kutoka nje kwanza.

Mteja alikuja wiki ya pili. Tulitaka kumtafutia fundi mwingine amalizie pazia lake, akakataa. "Nipeni hivyo hivyo," alisema. Linaning'inia dirishani kwake, upande mmoja una pindo, mwingine una nyuzi.

Mtaa mzima ulikuita Mama Mapazia. Katika majengo yetu manne hakuna dirisha ambalo hukulipima. Ukiingia nyumba ya mtu, salamu hazijaisha macho yako yameshafika dirishani. Ulikula umesimama. Redio uliiweka chini mno, na ukiulizwa wanasema nini ulijibu, "Sijui, nimeipenda sauti tu." Ukikasirika ulinyamaza, na kimya chako kilituchapa kuliko fimbo.

Mimi ninayeandika ni binti yako wa pili. Kaka na mdogo wangu wameniachia kalamu.

Wasiokufahamu watauliza paka wanaingiaje katika tangazo la kumbukumbu ya mama wa watu. Nyuma ya majengo yetu kuna ghala la unga. Kiwanda kilipohama, mashine zilipakiwa kwenye malori na wafanyakazi wakafuata. Paka waliokuwa wakiwinda panya mle ndani walibaki. Mlinzi wa lango, yule mzee uliyezoea kumshonea vifungo, alikuambia, "Mama, watu wote wameandikiwa barua za uhamisho. Hawa hawakuandikiwa."

"Kwa hiyo mkubwa wao nani sasa?"

"Kwa sasa? Labda wewe."

Mlicheka wote wawili. Lakini uliporudi nyumbani hukuwa unacheka. Ulikuwa umemwona paka jike, mbavu nje, ananyonyesha watoto watano juu ya gunia lililooza, na wawili kati yao macho yamegandana kwa usaha.

Mwanzoni uliwalisha tu. Wakawa ishirini, wakawa arobaini. Wengine walikuwa wa watu, wametupwa na wenyewe. Hao walikufuata mpaka mlangoni wakijisugua miguuni pako. Wengine walizaliwa humo humo ghalani na hawakuwa wamewahi kuguswa na mkono wa binadamu. Ukisogea hatua moja, wao wanajipenyeza chini ya mbao. Ukawapa majina wote. Kulikuwa na Mkaguzi, aliyenusa kila kitu na kuondoka bila kula. Kulikuwa na Shemeji, aliyekuja saa ya chakula tu, akashiba, akaondoka bila kuaga.

Watu walilalamika, na haki walikuwa nayo. Madume walipigana juu ya mabati hadi watoto wachanga wakaamka wakilia. Nguo za kwenye kamba zilinuka mikojo. Kila baada ya miezi michache jike mwingine alizaa chini ya ngazi za mtu.

Ndipo mwenyekiti wa wakazi akaja na barua. Nilikuwa sebuleni napiga pasi. Barua ilisema paka wa ghalani waondolewe ndani ya miezi mitatu, "kwa njia yoyote", na chini yake kulikuwa na sahihi sitini na mbili.

"Soma mwenyewe, Mama Mapazia," alisema. "Usije ukasema nimekuonea."

Ulivaa miwani. Ulishuka na kidole jina kwa jina, kama unavyosoma vipimo. Katikati ya ukurasa kidole kikasimama. Sikuhitaji kusogea ili nijue kimesimama wapi. Lile jina lilikuwa langu.

Hukuninyanyulia macho. Kidole kikaendelea mpaka mwisho, ukaikunja barua mara nne. "Nimesikia, Mwenyekiti. Miezi mitatu." Alipotoka ukauliza, "Nani anakunywa chai?"

Acha niseme ilivyokuwa. Jirani alipita mlango kwa mlango na karatasi ile nikiwa ndiyo kwanza natoka kazini. Blauzi yangu ya kazini ilikuwa imekojolewa wiki hiyo hiyo. Na ofisini, makarani wenzangu walikuwa wameanza kuniita Binti Paka. Niliona aibu, Mama. Nikashika kalamu, nikasaini, nikaingia ndani, ukanipakulia chakula.

Sisi tulidhani utaenda kugombana na watu. Wewe ulikwenda kutafuta msaada wa kuwafunga paka kizazi. Kesho yake ulivaa viatu vyako vya harusini na kuanza kuzunguka maofisi. Mifugo wakakuambia paka si mifugo, nenda Afya. Afya wakakuambia hawaumwi kitu cha kuambukiza, nenda Usafi. Kijana wa Usafi akakuambia, "Mama, sisi tunashughulika na waliokufa."

Ulitusimulia hayo mezani. Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Wewe ulisema, "Nikamwambia basi, nitarudi nikishachelewa."

Kaka akafuta macho. "Mama, achana nao. Unajidhalilisha."

"Miaka thelathini napiga magoti chini ya madirisha ya watu nikiwapimia," ulimjibu. "Leo ndiyo nitadhalilika?"

Siku ya kumi na moja ukampata daktari wa mifugo, kwenye chumba cha bati chenye mabuti yaliyojaa matope mlangoni. Baadaye alitusimulia mwenyewe. Alikuambia, "Mama, mimi ni daktari wa ng'ombe."

"Ng'ombe ana kizazi, paka ana kizazi. Cha paka ni kidogo, utashona polepole. Ukishindwa nitakushikia sindano."

Alisema hakuwa amecheka mwezi mzima. Akakupa kila Alhamisi mchana, na akakufundisha. Jike akifungwa kizazi hazai tena. Dume akihasiwa hapigani wala hanyunyizi mikojo kwenye nguo za watu. Paka aliyekwishatibiwa hukatwa ncha ya sikio la kushoto, ajulikane kwa mbali, kisha anarudishwa pale pale alipotoka, kwa sababu nafasi ikiachwa wazi wanaingia wengine wasiotibiwa.

Ulipanda ngazi zote za majengo manne kuwaeleza watu jambo hilo. Baadhi walikusikiliza mlango ukiwa nusu wazi. Wengine walikuuliza habari za mapazia yao.

Fundi wa kuchomelea alikutengenezea mtego wa nondo nyembamba na waya, mlango wake unashuka paka akikanyaga kibao. Jumatano hukuwapa chakula. Alhamisi ulitega kwa kichwa cha samaki. Ukajifunza kwamba paka wa ghalani akifunikwa huacha kupambana, basi ukafunika mtego kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini. Kila paka wa ghala lile alikwenda kwa daktari amefunikwa pazia la mtu, hili la maua, hili la mistari, juu ya toroli lenye gurudumu moja linalolia, na wewe nyuma yake na kilemba chako.

Alhamisi kumi. Paka thelathini na wanne. Mikono yako ilikuwa mikwaruzo mitupu mpaka kwenye viwiko. Pumzi ikaanza kukuishia ngazini, ukasimama kila ghorofa ukishika ukuta. Tukikuuliza, unasema, "Mafundi wameongeza ngazi, hamkuona?" Tulicheka. Hakuna aliyekupeleka hospitali.

Alhamisi moja uliniuliza, "Leo uko nyumbani?"

"Nina kazi."

Sikuwa na kazi. Nilikuwa na likizo ya siku mbili na wewe ulijua, maana nilikuwa nimekuambia Jumatatu. Ulinitazama kidogo. "Haya, mama," ukasema, ukaenda kusukuma toroli lako.

Na kazi ile ilikuwa inaleta matunda. Juu ya mabati kukawa kimya. Hakuna jike aliyezaa chini ya ngazi mwezi ule wote. Jirani yule yule aliyepitisha karatasi alikusimamisha kisimani akakuambia, "Siku hizi nguo zangu hazinuki." Zilibaki wiki mbili miezi mitatu itimie, na walibaki paka sita tu.

Jumamosi asubuhi mlinzi akagonga mlango. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, usije," alisema. "Nimekuja kukuambia usije."

Ulikwenda, nami nikakufuata. Mtu alikuwa ametupa vipande vya nyama vyenye sumu pembeni mwa ukuta. Paka wengine walikuwa wamelala kwenye vumbi la unga wa zamani, wengine wamekufia njiani kuelekea kwenye ndoo ya maji. Shemeji alikuwa langoni, kwa mara ya kwanza hakuondoka. Walikuwa kumi na tisa.

Ulipiga magoti. Ulimshika kila mmoja sikio la kushoto, ukalipapasa kwa kidole gumba, ukasema kwa sauti ya chini, "Huyu tayari." Ukasogea. "Huyu tayari. Huyu tayari." Kumi na saba kati yao walikuwa tayari. Walikuwa wamepona kila kosa walilokuwa wakilaumiwa.

Ulimtuma mlinzi akalete mfuko wa vitambaa kutoka nyumbani. Tukawafunga mmoja mmoja, mlinzi akachimba. Nilijua hiyo ndiyo saa yangu. Nikafungua mdomo.

"Mama, ile barua..."

"Shika huo upande wa kitambaa," ulisema.

Nikaushika. Tukamfunga yule, tukamfunga mwingine, mpaka wakaisha. Tulirudi nyumbani, na sikuitafuta siku nyingine ya kulisema.

Mwenyekiti aliapa kwamba si yeye. Huenda ni kweli. Mpaka leo hatumjui aliyefanya. Lakini karatasi ilisema "kwa njia yoyote", na yeyote aliyetupa nyama ile alikuwa na idhini ya watu sitini na wawili. Yangu pia alikuwa nayo.

Ulirudi ghalani Alhamisi mbili zaidi, kuwakamata waliobaki. Hukuwapa majina. Redio haikuwashwa tena. Ulishona, ulikula umesimama, ulilala mapema. Baada ya wiki tano ikawa ile Jumanne. Daktari wa hospitali alituambia moyo wako ulikuwa umetanuka kwa muda mrefu, kwamba dalili huonekana, hasa mtu anapopanda ngazi. Alituuliza kama hatukuona kitu.

Daktari wa ng'ombe alikuja msibani na mabuti yake, akakaa nyuma kabisa. Alisema mwanamke kutoka mtaa wa tatu alikuwa amempelekea paka kwenye kapu, akisema ameelekezwa na fundi mapazia. Wakaja na wengine. Alisema ameshona paka wengi mwaka huu kuliko ng'ombe. Tulifurahi kusikia, lakini furaha inayomkuta mtu amekaa mkekani, Mama, haishuki vizuri.

Ghalani mambo yamekuwa kama alivyokufundisha. Nafasi iliachwa wazi, wakaingia wengine, masikio mazima, matumbo yamejaa. Mabatini kelele zimerudi. Mwezi uliopita barua nyingine ilizungushwa, imeandikwa vizuri kuliko ile ya kwanza. Ilipofika kwetu Kaka aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akamrudishia aliyeileta. "Hapa hapana," alisema, akafunga mlango. Nyumba nyingine zimetia sahihi. Sijui itakuwaje.

Alhamisi naomba ruhusa ofisini, nasukuma toroli mimi. Sina mkono wako. Kwa miezi saba nimekamata paka tisa, na mmoja aliniuma mpaka nikachomwa sindano. Mlinzi ananihurumia, anasema wanajua kuwa mimi si wewe. Napita chini ya madirisha ya majengo manne, na najua wanaonitazama. Nawatazama nami, kwa kuwa najua majina yote sitini na mawili, na wao wanalijua langu.

Mdogo wangu anasema ulinisamehe siku ile ile, ndiyo maana ukauliza nani anakunywa chai. Kaka anasema hukulitilia maanani. Wananipenda, ndiyo maana wanasema hivyo. Mimi nilikiona kidole chako kikisimama.

Nilitia sahihi, Mama. Nimeliandika hapa mbele za watu kwa sababu sikulisema wakati ulipoweza kunijibu.

Unakumbukwa na watoto wako watatu. Na mkwe wako uliyemwita binti tangu siku ya kwanza. Na wajukuu wako wawili, ambao mdogo wao bado anauliza utarudi lini. Na dada yako aliye mbali, ambaye hakuwahi kufika mazikoni. Na mlinzi wa ghala. Na daktari wa ng'ombe.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazojaliwa.