Mbao Zimeinuka, na Fundi wa Saruji Yuko Njiani

Mpendwa Bi Mwanatatu,

Baada ya salamu na kukuombea afya, nakusihi unifae haraka, maana fundi anakuja mara tu baada ya Maulidi na nyundo yake, na akishakuja mimi nitabaki na sakafu ya saruji na siri moyoni, na siri yenyewe hata mama yangu mzazi sijamwambia, nakuandikia wewe wa gazetini kwa kuwa hunijui na hata ukinicheka sitakusikia.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Likoni, upande wa Timbwani, na mume wangu Badawi ni karani bandarini. Mwaka jana tulijaliwa kupata nyumba aliyoiacha mzee mmoja wa Kizungu aliyefungasha akarudi kwao, na nyumba si kubwa, lakini ukumbi wake, wallahi Bi Mwanatatu, ungeuona ukumbi wake! Chini ni mbao tupu za mvule, ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, rangi yake kama chai iliyokolea, na ukitembea peku asubuhi zakupokea mguu kwa upole, si kama saruji ya kwetu Kisauni inayokupanda baridi mpaka magotini. Siku tuliyoingia nilivua viatu nikauzunguka ukumbi mzima nikicheka peke yangu, na Badawi amesimama mlangoni naye anacheka kwa kuniona mimi nacheka, na tangu siku hiyo naipenda sakafu ile kama kitu kilicho hai.

Siku hiyo hiyo Badawi alinambia, "Hizi mbao niatia mimi, wewe usizishughulikie. Mimi hushinda bandarini na mbao ziletwazo na meli za kila nti, nazijua tabia zake." Nikasema sawa, nikawa nafagia tu, na kufagia tu kwangu mimi si kusafisha, kwa sababu nilivyolelewa, nyumba haijaoshwa mpaka maji yamwagwe chumba cha ndani na yatokee mlango wa mbele na povu lake, na jirani ayaone. Basi akaja mama mkwe, Bi Khairiya, kuutazama ukumbi, maana wifi yangu Salme anaolewa Mfungo Saba, mwezi unaofuata ule wa Maulidi, na wamekubaliana wanawake watachezea ngoma yao ya chakacha hapa kwangu, kwa vile hakuna ukumbi mpana kama huu katika jamaa zote, na mimi nilijiona nimepewa heshima ya nti nzima. Mama mkwe akapitisha kidole sakafuni, akakitazama.

"Hafswa!"

"Abee, mama."

"Mwanangu, hapa hufagia tu, ama pia huosha?"

"Huosha, mama," nikasema, na nilikuwa sijaosha hata siku moja, Mungu anisamehe.

Kesho yake Badawi alipokwenda kupanda feri nikafunga leso kiunoni, nikaleta ndoo, sabuni na fagio la chelewa, nikamwaga maji kama tulivyofanya kwetu, nikasugua kwa nguvu zangu zote, na maji mengine yakatoka mlangoni lakini mengine sikuyaona yalikokwenda, yaliingia katikati ya mbao yakapotea, nami nikafikiri hiyo ndiyo raha ya sakafu ya Kizungu, yanywa maji yenyewe. Ilipokauka niliona imepauka kidogo, nikasema bado ina uchafu wa zamani, nikaosha tena, ikapauka zaidi, nikaosha tena, na kila nikiosha ndivyo inavyokosa nuru na mimi ndivyo ninavyozidisha maji, mpaka siku moja nikajikwaa mchana kweupe, nikatazama chini, nikaona kingo za mbao zimeinuka, zimefura kama chapati juu ya chuma.

Hapo sikulala. Nikaacha maji kabisa. Nikadhani zitarudi zenyewe, lakini badala ya kurudi yakaja makubwa zaidi, maana sakafu ikaanza kunata, ukipita unasikia wayo unabanduka, na sisimizi wakaja mstari kwa mstari kutoka dirishani, na ukumbi mzima ukanuka nazi, nazi tu, asubuhi ndiyo mno, mpaka nikaanza kuogopa labda ni jicho la mtu, maana waliokuja kuusifu ukumbi ni wengi na si wote waliosema mashallah.

Na hapo hapo nikapata adha nyingine isiyohusu sakafu lakini nakwambia yote ili usikie hali yangu, chupa yangu ya mafuta ya nazi ya nywele yapungua bila mimi kupaka, na mgeni wangu wa kila siku ni Salme tu, nikamwambia kwa ukali, bibi arusi mtarajiwa ndiye amalizaye mafuta ya mwenzake, akaapa hajayagusa, tukanuniana. Na vikoi vya Badawi navyo, kila nikifua nakuta doa la mafuta magotini, mawili mawili, sijui anapiga magoti wapi, nikimuuliza anasema "Kazi, mke wangu, kazi," na tangu lini karani akafanya kazi kwa magoti?

Sasa juzi Badawi ameingia na uso umemshuka, amesema sakafu hii ni mbovu tangu asili, yule mzee wa Kizungu katuuzia mbao zilizooza, amekwisha kuzungumza na fundi, zitang'olewa zote imwagwe saruji, na harusi ihamie kwa shangazi yake Changamwe. Salme alikuwapo, akalia palepale, "Kaka, yaani harusi yangu nikateze chakacha Changamwe, ilhali ukumbi hunu wanitazama?" Badawi alitazama chini, na mimi nilitazama chini, na najua kwamba aliyeharibu ni mimi na maji yangu, lakini nikainuka nikaenda jikoni kuwapikia chai.

Nifanyeje, Bi Mwanatatu? Nikisema, nitaonekana muongo kwa mama mkwe na mkaidi kwa mume aliyenikataza. Nikinyamaza, mbao zangu zinang'olewa na harusi inahama. Majina yote nimeyabadilisha, kwa hivyo usijisumbue kuuliza watu wa feri ni nani huyu.

Mimi niliye na roho juu juu,
Hafswa, Timbwani.

*

Hafswa mwanangu,

Keti kitako uvute pumzi, maana barua yako nimeisoma kwa mbio mpaka nikapaliwa na chai, na mahali fulani nilicheka kwa sauti. Utanisamehe. Mwenyewe umesema hutanisikia.

Tuanze na makosa yako tumalizane nayo. Umeuosha mvule kama unaosha sufuria la pilau. Ulikatazwa, ukafanya. Ulipoona mbao zapauka, zakwambia basi, wewe ukazidisha ndoo. Mimi ni binti wa seremala wa milango, nimekulia juu ya maranda, na nakwambia hakuna kitu mbao ichukiacho kama kuogeshwa. Saruji haina tumbo; mbao inalo, na ukiinywesha upande wa juu ndipo inapokunja kingo zake. Kwa hivyo mbao kuinuka, huko ni kwako. Ama uongo uliomwambia mama mkwe, uliosha kesho yake, kwa hivyo uongo wako ulidumu usiku mmoja. Mwombe radhi, atakusamehe, na nadhani atacheka kuliko mimi.

Sasa yaliyobaki. Nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ulipolala usingizi na macho wazi. Maji hayanati, Hafswa. Maji hayaiti sisimizi. Maji hayanuki nazi, na asubuhi ndiyo mno! Chupa ya mafuta ya nazi yapungua. Mwanamume ana doa magotini, mawili mawili. Mwanangu, wewe wakaa na mume ambaye akitoka kusali alfajiri, ukiwa jikoni na chai yako, hupiga magoti ukumbini akaipaka sakafu mafuta ya nywele zako. Aliiona imepauka, akajua yeye ndiye aliyesema "niatia mimi," akaona haya kukuuliza, akaamua kuing'arisha kwa siri. Ilipoanza kunata akadhani ni mafuta machache, akaongeza. Nyote wawili mna ugonjwa mmoja, dawa ikikataa mwazidisha.

Basi mbona atake kuing'oa? Kwa sababu anaamini yeye ndiye mharibifu. Ndiyo maana dada yake alipolia yeye alitazama chini. Mtu huyo hana hasira na mbao, ana haya na wewe, na anataka kuzika haya yake chini ya saruji. Wewe unamwogopa yeye, na yeye anakuogopa wewe, na katikati yenu kuna mvule mzuri unaongoja kung'olewa bure. Jicho la mtu halimo. Na Salme maskini umemsingizia. Mpelekee chupa mpya, na halua juu yake.

Mbao hazijafa. Mvule ni mti mgumu, umeshinda mvua nyingi kabla ya ndoo zako. Mafuta ndiyo yatoke kwanza, kwa sababu mafuta ya nazi hayakauki, yachacha tu. Nenda kwa seremala yeyote umwombe unga wa msumeno uliokauka, atakushukuru kwa kumwondolea. Mwaga sakafuni, sugua kwa kumbi la nazi kufuata mishipa ya mbao, uuache unywe mafuta, fagia, rudia mpaka unga utoke mkavu kama ulivyoingia. Halafu kitambaa kilichoguswa tapentaini kidogo, madirisha wazi, na jiko la makaa liwe nje, sitaki kusikia Timbwani kumeungua. Ukimaliza, kunja mikeka, inua kasha usiliburure, uache upepo wa kusi upite asubuhi na jioni. Usimkubali mtu azipige msumari wala azipige randa zikiwa zimefura. Zipe muda, zitalala. Zile chache zitakazokaidi, ndizo za kumwonyesha fundi, naye aje na randa, si na saruji.

Zikishalala, tafuta nta ya nyuki. Ikwangue ndani ya bakuli, bakuli ulikalishe katika maji ya moto mpaka nta iyeyuke, kisha uitoe mbali kabisa na moto ndipo utie tapentaini, ukoroge mpaka iwe laini kama samli iliyoganda. Paka nyembamba. Nimesema nyembamba, na nakujua wewe na mumeo, msizidishe.

Nta haing'ari kwa kupakwa, hung'ara kwa kusuguliwa, tena kwa uzito. Mafundi huko mjini hutumia brashi yenye mpini na uzito wa chuma juu yake. Wewe unayo chakacha. Alasiri moja kabla ya harusi waite Salme na wenzake wote, pasueni leso kuukuu, kila mmoja ajifunge miguu yote miwili, ipigwe ngoma, na mchezeshe viuno vyenu ukumbi mzima, pembe kwa pembe, msiache ubao. Mama mkwe naye aingie katikati, asikae kitini. Nyayo za wanawake ishirini wenye furaha zitaufanyia mvule huo kile ambacho mikono ya Badawi ilishindwa. Mtakapochoka mtaona nyuso zenu chini. Kisha pitisheni kitambaa kikavu mara ya mwisho mpaka mguu usiteleze, maana bibi arusi akianguka mtanilaani mimi.

Baada ya harusi, utunzaji ni mwepesi. Mchanga wa Likoni ndio adui yako sasa, hukwaruza kuliko kucha za paka, basi weka mkeka mgumu mlangoni na kila mtu avue viatu, hata huyo shangazi wa Changamwe. Fagio laini kila siku. Kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoke tone, mara moja moja. Miguu ya kitanda na meza ifunge vitambaa. Nta, mara chache kwa mwaka. Ndoo ibaki msalani.

Lakini haya yote hayatafaa kitu fundi akitangulia. Kwa hivyo usingoje Maulidi, na usijifariji kwamba majina umeyabadilisha. Majina umeyabadilisha, sakafu hukuibadilisha, na sijui Timbwani kuna kumbi ngapi za mvule. Badawi ni karani, na makarani wote husoma gazeti hili kwenye feri. Afadhali asikie kwako.

Leo akirudi kutoka kazini, usimpe chakula kwanza. Mshike mkono umketishe chini, palepale ukumbini panaponata, nawe uketi mkabala naye. Usimtuhumu, usitaje chupa, usitaje kikoi. Mwambie hivi tu: "Mume wangu, mimi nilizimwagia maji. Wewe je?" Halafu nyamaza, umtazame anavyoanza kucheka.

Bi Mwanatatu, Kisauni.