Tulsi ya Bi Sarla na Pumu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imenirudishia sauti ya makofi mepesi uani, hapa Rosettenville. Lakini kwanza salamu: sisi wazima, na babu yako Omari amefungua spaza yake, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot. Nakuzidi miaka michache tu, ila mimi ni mdogo wa bibi yako, kwa hiyo utanisikiliza.

Unauliza kama chai ya tulsi itakuponya pumu, na ile dawa ya kuvuta umeshaiacha.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikohoa majira yote ya baridi. Mwenye nyumba wetu, Bi Sarla, Mhindu, alikuwa na tulsi kwenye chungu, mmea wa jamii ya kivumbasi chetu. Kila asubuhi aliupigia makofi kuuamsha, akauomba ruhusa, ndipo akachuma majani. Aliyachemsha na tangawizi, kama Ayurveda, tiba ya kwao, inavyofundisha kwa kikohozi. Nilikunywa, koo likatulia, nikamwambia sasa siendi hospitali.

“Eish, wewe msichana, unataka kunifia nyumbani kwangu?” alisema. “Huu mmea nauabudu, na vidonge vya presha nameza vilevile. Vaa viatu.”

Alinipeleka mwenyewe. Kilikuwa kifua kikuu, nilitibiwa, nikapona. Aliuheshimu ule mmea kuliko nilivyouheshimu mimi, na hakuutwika kazi isiyo yake.

Chai yako kunywa, ni nzuri. Uliniomba nisimwambie mama yako kwamba umeacha dawa. Nimempigia simu asubuhi hii, nimemweleza yote.

Bibi yako mdogo,
Rukia